Asilimia 14 zilizopotea: shia ya upepo, rota ya mita 10 na mikorosho ya Mikindani

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa nne, na kwetu ni Mikindani. Mradi wangu wa mwisho ni mtambo mdogo wa upepo wa kusukuma maji na kuendesha friza za samaki: rota ya mapanga matatu, kipenyo mita 10, kitovu kiko mita 18 kutoka ardhini, mizunguko 72 kwa dakika. Mahali nilipochagua ni tambarare juu ya kilima nyuma ya mji. Kusini yake ni mikorosho mitupu, kaskazini mashariki unaiona bahari. Nimeiga rota mara mbili kwa CFD, yaani hesabu ya mtiririko wa hewa kwa kompyuta. Mara ya kwanza niliweka upepo wa mita 6 kwa sekunde ulio sawa juu mpaka chini, na ardhi nikaifanya ukuta wa kuteleza. Mara ya pili niliweka upepo wenye shia kwa kipeo cha 0.2, kasi ileile ya mita 6 kwenye kitovu, na ardhi nikaipa ukwaruzo (kipimo cha jinsi uso wa ardhi unavyoukwaza upepo) wa mita 0.5 kwa ajili ya mikorosho. Mlango wa upepo kwenye sanduku la uigaji uko mita 250 mbele ya rota. Nguvu ilishuka kwa asilimia 14. Programu ya BEM, ile njia nyepesi inayokata panga vipande na kukokotoa nguvu ya kila kipande, inaniambia tofauti haifiki hata asilimia 1. Msimamizi wangu anasema CFD ndiyo ya kuaminiwa, na kwamba hiyo ndiyo athari ya shia. Nani mkweli? Niombe muda kwenye kompyuta kubwa nifanye LES, yaani uigaji mzito unaofuata mizunguko mikubwa ya msukosuko? Na takwimu za uwanja wa ndege wa Mtwara zinanitosha?

JIBU: Marahaba. Katika hili BEM ndiyo mkweli. Kosa la CFD yako haliko kwenye mapanga wala kwenye wavu wa seli za hesabu ulioyazunguka, kwa hiyo usihangaike kuyachora upya. Liko kwenye upepo uliofika pale mbele ya rota: haukuwa ule uliouingiza mlangoni. Msimamizi wako naye hajakosea kusema CFD ina fizikia nyingi kuliko BEM. Ila fizikia nyingi ikipewa upepo usio wake, itakupa jibu sahihi la swali ambalo hukuuliza.

Kwa wasomaji wengine ambao neno hili ni geni: shia ni ile hali ya upepo kupishana kasi kwa kimo, chini mzito, juu mwepesi. Kipeo ni namba inayoipima: uwiano wa kasi ni uwiano wa vimo ukipandishwa kwa kipeo hicho. Aliyekulia Mtwara ameiona bila kuiita jina. Tazama mashine ya kupulizia salfa ikifanya kazi kwenye mikorosho alfajiri. Vumbi likiwa bado chini ya matawi linazubaa palepale, mara limemrudia mpuliziaji usoni. Likishavuka vilele vya miti linashikwa na upepo na kusombwa hadi shamba la jirani, ambaye hakulipia hata kilo moja. Kati ya chini ya tawi na juu ya kilele ni mita chache tu. Rota yako ina mita 10 kutoka ncha ya chini hadi ncha ya juu.

Tuanze na hesabu ya kwenye karatasi, maana ingekuonya mapema. Nguvu iliyomo kwenye upepo hufuata kasi ikipandishwa kwa tatu. Panga likiwa juu kabisa, ncha yake iko mita 23. Likiwa chini, iko mita 13. Kwa kipeo cha 0.2 na mita 6 kwa sekunde kwenye kitovu, ncha ya juu inapata mita 6.30 kwa sekunde, ya chini 5.62. Juu umepata, chini umepoteza, na vitu hivyo viwili vinakaribia kufidiana. Ukitafuta wastani wa kasi kwa tatu kwenye duara zima la rota, inatoka pungufu ya ile ya kitovu kwa asilimia 0.2 hivi. Kuna jambo linanifurahisha kila ninapofundisha hili: kipeo kikiwa theluthi moja kamili, kasi ukiipandisha kwa tatu inakuwa mstari mnyoofu kwa kimo, na wastani wake kwenye duara unakuwa sawasawa na wa kitovu, bila pungufu wala ziada. Kwa hiyo hata shia ikikua kutoka 0.2 kwenda 0.33, nguvu ya wastani haianguki. Inarudi palepale.

Sasa chukua asilimia 14 zako. Nguvu iliyobaki ni 0.86, na mzizi wake wa tatu ni 0.951. Maana yake upepo uliokutana na rota yako ulikuwa pungufu kwa takribani asilimia 5, kama mita 5.7 kwa sekunde badala ya 6. Hapa nimechukulia kwamba ufanisi wa rota haukubadilika. Ncha yako inakwenda karibu mita 38 kwa sekunde, yaani mara 6.3 ya upepo, na huko karibu na kilele mchoro wa ufanisi huwa bapa, kwa hiyo makadirio haya yanatosha. Swali linageuka. Usiulize tena shia imeifanya nini rota; uliza asilimia 5 za kasi zimeishia wapi ndani ya mita 250.

Zimeliwa na ardhi. Umeingiza upepo wenye umbo la kipeo cha 0.2, ambao ni upepo wa nchi iliyo wazi kiasi, halafu ukautembeza juu ya ardhi yenye ukwaruzo wa mita 0.5, ambayo ni ardhi ya miti. Upepo ukihama kutoka uso laini kwenda uso wenye ukwaruzo, tabaka jipya lililopunguzwa kasi huanza kuota kutoka chini na kunenepa kadiri unavyosonga mbele. Kanuni ya mkononi ni kwamba kimo chake ni kama sehemu moja ya kumi ya umbali uliosafiri. Baada ya mita 250 limefika kama mita 25, na ncha yako ya juu iko mita 23. Rota nzima imezama ndani yake. Fizikia hiyo si ya uongo, ndiyo inayotokea upepo wa bahari unapopanda ufukweni na kuingia mashambani. Ila wewe hukuwa unaiga ufukwe. Ulidhani unaiga upepo uliokwisha kutulia juu ya mikorosho. Na ile mara ya kwanza, ardhi ikiwa ya kuteleza, hakukuwa na kitu cha kuula upepo, kwa hiyo ulichokilinganisha ni upepo ulioliwa na upepo usioliwa.

Dawa yake ni jaribio ambalo wengi huliruka kwa sababu halina picha ya kupendeza: endesha sanduku tupu. Ondoa rota, acha kila kitu kingine kama kilivyo, kisha soma kasi pale rota ingekuwa, kwenye mita 13, 18 na 23. Linganisha na kasi za mlangoni. Mimi sikubali tofauti inayozidi asilimia 1 kwenye kitovu, kwa sababu asilimia 1 ya kasi ni asilimia 3 za nguvu, na asilimia 3 tayari ni kubwa kuliko athari yote ya shia unayoitafuta. Msukosuko nao uusome, usisome kasi peke yake. Nimeshaona sanduku ambalo kasi ilitulia vizuri huku msukosuko ukiwa umefifia hadi nusu njiani.

Ili sanduku tupu litulie, vitu vinne lazima vizungumze lugha moja: umbo la kasi mlangoni, msukosuko mlangoni, ukuta wa ardhi, na paa la sanduku. Waliolipanga hili vizuri kwa k-epsiloni, modeli ya kawaida ya kukadiria msukosuko, ni watafiti Richards na Hoxey mwaka 1993, na hadi leo watu wengi huanzia hapo. Kasi inafuata kanuni ya logi: kasi ya msuguano (kipimo cha jinsi ardhi inavyouvuta upepo) igawanywe kwa 0.4, kisha izidishwe kwa logi asilia ya kimo ukijumlisha ukwaruzo, gawanya kwa ukwaruzo. Nishati ya msukosuko inakuwa ileile kwa kimo chote, kasi ya msuguano kwa mraba mara 3.33. Kiwango cha kupotea kwake ni kasi ya msuguano kwa tatu, gawanya kwa 0.4 mara kimo ukijumlisha ukwaruzo. Na paa haliachwi liteleze. Linapewa nguvu ya msuguano ya kudumu inayouvuta upepo mbele, sawa na densiti ya hewa mara kasi ya msuguano kwa mraba. Paa la kuteleza halirudishi kile ambacho ardhi inakula, na sanduku refu litakuonyesha hasara hiyo polepole.

Kuna namba moja ndogo inayosahaulika. Ndani ya k-epsiloni ya kawaida mna kigezo cha mtawanyiko wa epsiloni chenye thamani ya 1.3. Ukitumia ile 0.4, iitwayo kigezo cha von Kármán, pamoja na vigezo vingine vya kawaida, umbo la logi linakuwa jibu halali la milinganyo pale tu kigezo hicho kinapokuwa 1.11. Ukiiacha 1.3, modeli itaanza kuusahihisha upepo wako tangu mlangoni. Hasara si kubwa, lakini ipo, na inafutika kwa kubadili mstari mmoja kwenye faili.

Jingine ni ukuta wenyewe. Programu nyingi hazipokei ukwaruzo wa kihali ya hewa. Hupokea ukwaruzo wa punje za mchanga, ambao ni mkubwa kama mara 20 hadi 30, kutegemea programu. Soma mwongozo wa hiyo unayotumia kabla ya kuandika 0.5, maana inaweza kuelewa kitu tofauti kabisa. Tena seli ya kwanza juu ya ardhi haitakiwi iwe fupi kuliko punje hizo. Kwa ukwaruzo wa mita 0.5 hilo lingekutaka seli ya kwanza yenye unene wa mita 10 au zaidi, ukiwa na rota inayoanzia mita 13. Haiwezekani. Ndiyo maana juu ya miti namna sahihi ni kuihamisha ardhi: sakafu ya sanduku lako isiwe udongo, iwe kimo ambacho upepo unakiona kama ardhi, na ukuta huo utumie kanuni inayopokea ukwaruzo wa kihali ya hewa moja kwa moja. OpenFOAM, programu ya CFD, inayo.

Hapo nimefika kwenye mikorosho, na hapa ndipo ninapokuomba ukae zaidi, kwa sababu kipeo chako cha 0.2 kimetoka kwenye viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, na hakijawahi kuuona mkorosho. Msitu mzito huusukuma upepo juu, ukawa kama unaoanzia theluthi mbili ya kimo cha miti. Tuseme mikorosho ya kusini kwako ina mita 9. Ardhi ya upepo inakuwa mita 6, na ukwaruzo unakuwa kama sehemu moja ya kumi ya kimo cha miti, mita 0.9. Weka kwenye kanuni ya logi ya kawaida (kimo juu ya ardhi hiyo gawanya kwa ukwaruzo tu), kitovu kikiwa na mita 6 kwa sekunde: ncha ya juu inapata mita 6.8, ya chini 4.75. Tofauti kati ya juu na chini ni mita 2 na ushei kwa sekunde. Kwa kipeo chako ilikuwa 0.68. Mara tatu. Ukilazimisha kulieleza umbo hilo kwa kipeo, unapata 0.63, namba ambayo mtu akikuletea kwenye ripoti utadhani amekosea kuandika. Nikiri kwamba mita 13 bado ni karibu mno na vilele vya miti, na kanuni ya logi huanza kulegalega huko. Kwa hiyo chukua namba hizi kama mwelekeo, usizichukue kama kipimo.

Sasa geuza upepo. Majira ya kaskazi unatoka baharini, uso wa maji ukiwa na ukwaruzo wa sehemu ya milimita tu, na kipeo kinaweza kushuka chini ya 0.1. Mtambo huohuo, mlingoti huohuo, kilima hichohicho, lakini shia ya kusi ni mara nyingi ya ile ya kaskazi. Tena kwenye nchi kavu usiku, ardhi ikishapoa, tabaka za hewa huacha kuchanganyika na shia inapanda hata pasipo miti. Mchana jua likiwaka inalegea. Kuandika “shia ya Mikindani ni 0.2” ni sawa na kuandika maji ya ghuba yana kina fulani bila kusema yamejaa au yamekupwa.

Utaniuliza: kama nguvu haibadiliki, shia inatuhusu nini? Hata kwa umbo la mikorosho nililokupa, wastani wa kasi kwa tatu unashuka chini ya asilimia 1. Anayelipa ni panga. Chukua sehemu ya panga iliyo robo tatu ya njia kwenda kwenye ncha. Inakata hewa kwa mita 28.3 kwa sekunde. Upepo unaolipitia, baada ya rota kuupunguza kwa kama mita 2 kwa sekunde, unabadilika kila panga linapopanda na kushuka, na pembe ambayo hewa inaligonga panga inabadilika nao. Kwa kipeo cha 0.2 pembe hiyo inacheza nyuzi 1 kati ya juu na chini. Kwa mikorosho inacheza nyuzi 3. Kila nyuzi moja ni kama 0.11 ya kigezo cha nguvu ya kuinua, hivyo nyuzi 3 ni 0.33, wakati panga zima linafanya kazi kwenye kigezo cha karibu 1. Yaani theluthi ya mzigo wa panga inapanda na kushuka kila mzunguko. Kwa mizunguko 72 hiyo ni mara 4,320 kwa saa. Rota ikizunguka saa 12 kwa siku, kwa mwaka mmoja shina la panga limekunjwa na kukunjuliwa mara milioni 18.9. Boliti za shinani hazijui wastani wa nguvu ni ngapi.

Ukiwa na mapanga matatu una bahati: sehemu ya shia iliyo mstari mnyoofu inajifuta yenyewe kwenye mhimili, na mlingoti unahisi msukumo wa kuinamisha usiobadilika sana. Inayobaki, pamoja na kivuli cha mlingoti (upepo unaopungua karibu nao), inaupiga mlingoti mara tatu kwa mzunguko, na kwako hiyo ni 3.6 kwa sekunde. Hakikisha mlingoti wako wa mita 18 haupendi kutikisika kwa masafa hayo wala kwa 1.2. Mwenye mapanga mawili hana bahati hiyo.

Mitambo mikubwa nayo ina hesabu yake. Kule Ziwa Turkana, Kenya, kumesimamishwa mitambo 365 yenye rota za kipenyo cha mita 52 na kitovu kwenye mita 44. Kwa kipeo cha 0.2 na mita 10 kwa sekunde kitovuni, ncha ya juu na ya chini zinapishana kwa mita 2.6 kwa sekunde. Rota yako ndogo juu ya mikorosho, kwenye upepo wa mita 6, inakaribia kupishana hivyohivyo. Ukubwa wa rota peke yake si kipimo cha shia. Mtambo mdogo uliosimama karibu na miti unaweza kuteseka zaidi.

Turudi kwenye BEM, kwa sababu nimeitetea na sitaki uiamini kupita kiasi. Ndani yake panga hukatwa vipande, kila kipande kikapewa upepo wa kimo chake kwa kila pembe ya mzunguko: kimo ni 18 jumlisha umbali wa kipande kutoka kitovuni mara kosaini ya pembe. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye ule upungufu wa kasi unaosababishwa na rota yenyewe, ambao tunauita induksheni. Je, usawazishwe na upepo wa kipande hicho mahali hapo, au na wastani wa rota nzima? Nguvu ya wastani haijali sana, lakini ukubwa wa kucheza kwa mzigo wa panga unajali. Mtego mbaya zaidi uko kwenye kile kichujio cha muda kinachoifanya induksheni ichelewe. Kwenye shia tulivu, ukisimama nje ukaitazama rota, induksheni ya juu ni ileile daima na ya chini ni ileile daima. Hakuna kinachobadilika kwa muda. Ni panga linalozunguka ndilo linalopita kwenye induksheni tofauti. Programu ikikiweka kichujio hicho kwenye panga badala ya kukiweka kwenye gridi iliyosimama, itachelewesha kitu ambacho hakikubadilika, na mzigo utatoka na kosa la ukubwa na la wakati pia. Tafuta kwenye mwongozo wa programu yako kichujio kimewekwa wapi. Ukikosa maelezo, kizime kwa jaribio hili.

Wanaotumia mbinu ya voteksi huru, inayofuata vizingia vya hewa vinavyoachwa na mapanga, nao wana ugonjwa wao. Wakiongeza shia kama kasi tu, bila kukumbuka kwamba shia yenyewe ni voteksi iliyotandazwa kutoka ardhini kwenda juu, mkia wa rota, yaani hewa iliyovurugwa nyuma yake, hupanda juu angani kama moshi wa tanuri. Si fizikia, ni mahesabu yaliyosahau kitu.

Kabla ya chochote kuhusu shia, hakikisha rota yako inasema kweli kwenye upepo ulio sawa. Kipenyo chako cha mita 10 na mizunguko yako 72 vinafanana sana na rota ya NREL, maabara ya nishati ya Marekani, iliyopimwa mwaka 2000 kwenye handaki la upepo la NASA Ames, lenye mdomo wa mita 24.4 kwa 36.6. Nadhani ndiko ulikozichukua, na hakuna ubaya. Ile ilikuwa na mapanga mawili yenye mkato wa umbo liitwalo S809. Iige hiyo kwanza, kwenye upepo wa mita 7 kwa sekunde, ambako hewa bado imeshikamana na panga sehemu kubwa. Ukiipata, rudi kwenye mapanga yako matatu. Ukishindwa hapo, shia haina la kukuambia.

Nami yalinikuta. Miaka mingi nyuma niliwasilisha mbele ya wateja mzigo wa panga ulioonyesha shia kali ajabu, wakashtuka, nami nikajisikia bingwa. Wiki mbili baadaye nikagundua programu ilikuwa inahesabu kimo kutoka kitovuni badala ya ardhini. Nilikuwa nimewapa upepo wa dunia ambayo ardhi yake iko katikati ya rota. Tangu hapo, mchoro wa kwanza ninaoutazama ni wa kasi kwa kimo, kabla sijafungua faili lolote la nguvu.

Kuhusu LES: usiombe, angalau kwa sasa. LES ingekupa msukosuko wenye uhai na mkia wa rota unaoyumba, vitu vizuri kwa mtu mwenye mitambo mingi inayotiliana kivuli. Wewe una mmoja, na usichokijua ni umbo la upepo wa kilimani kwako. Kompyuta kubwa haitakubunia hilo. Ukiwa na modeli ya CFD iliyopita jaribio la sanduku tupu, pamoja na BEM ndani ya OpenFAST au QBlade, ambazo ni za bure na zinaenda kwenye kompyuta ya mapajani, mradi wako umekamilika. Ukitaka kupandisha daraja, ondoa mapanga kwenye wavu na uweke mistari ya nguvu inayozunguka mahali pake, mbinu ya Sørensen na Shen ya mwaka 2002. Seli zinapungua sana na shia inabaki. Nguvu unayoipata, ilinganishe na wastani wa kasi kwa tatu kwenye duara lote, uliosomwa kwenye sanduku tupu. Usitumie kasi ya kitovu peke yake. Hata kiwango cha IEC cha kupima nguvu ya mitambo, toleo la 2017, kimeiingiza kasi ya wastani ya rota nzima.

Muda unaobaki upeleke kilimani. Vipima upepo viwili vya vikombe, kimoja mita 10 na kingine mita 18 kama mlingoti unafika, vikae kwenye mikono inayotoka mbali na mlingoti ili kivuli chake kisiviguse. Kipeo ni logi ya uwiano wa kasi gawanya kwa logi ya uwiano wa vimo. Zitenge rekodi kwa mwelekeo wa upepo kabla ya kutafuta wastani wowote: upande wa mikorosho peke yake, upande wa bahari peke yake. Zitenge tena usiku na mchana. Wiki chache za kusi na wiki chache za kaskazi zina thamani kuliko mwaka mzima wa namba moja iliyochanganywa. Na nyaya za mlingoti uzikaze kwelikweli, maana pwani hii si salama kama tulivyozoea kusema: kimbunga Kenneth kilipita jirani tu, Cabo Delgado, Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kikaingia pwani yetu Mei 2024.

Mwenzako wa Newala akitaka kuiga mradi wako, mwambie asichukue kipeo chochote, wala chako wala cha IEC. Pale ukingoni Shimo la Mungu upepo unapanda genge na kubanwa, na kasi inaweza kuwa kubwa karibu na ardhi kuliko juu yake. Shia imegeuka chini juu. Hapo ni kupima, au kuiga genge lenyewe lote.

Na takwimu za uwanja wa ndege. Vituo vya namna hiyo hupima upepo kwenye mita 10, kimo kimoja, mahali palipo wazi, na kimo kimoja hakiwezi kukupa shia hata ukipewa rekodi za miaka 30. Waombe Mamlaka ya Hali ya Hewa rekodi zao kwa kazi mbili tu: kujua kusi na kaskazi huanza na kuisha lini na kwa nguvu gani, na kuona kama wiki zako za kupima zilikuwa za kawaida au zilikuwa za upepo mwingi kuliko kawaida. Hiyo ya pili ndiyo itakayokusaidia zaidi. Asilimia 14 nazo usizifute kwenye andiko. Ziache, weka pembeni yake mchoro wa sanduku tupu, na mpe msimamizi wako auone kabla ya siku ya kujitetea.